Mama Pasi na Blauzi ya Matope

Siku fundi seremala alipomwona Mama Pasi kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amemshika hakimu sikio. Hakuwa hakimu wa kweli. Alikuwa mwigizaji mmoja mnene, amevaa joho jeusi la mahakamani, na mkononi ana kipande cha mkate chenye siagi inayochuruzika.

"Hakimu mzima unajipaka siagi!" Mama Pasi alisema. "Chafua tena uone. Kesho utahukumu watu umevaa kaptura."

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama. Leo mimi ndiye mahakama ya rufaa."

Ghala zima likaangua kicheko. Fundi naye alicheka, akasahau kwamba ana misumari mitatu mdomoni. Mmoja nusura umshuke kooni. Mama Pasi akaliachia lile sikio, akaja mbio, akampiga mgongoni kwa kiganja hadi msumari ukaruka sakafuni.

"We mgeni, misumari ni ya mbao, si ya kutafuna," alimwambia. Tangu hapo watu wote wakamwita Bwana Msumari.

Ghala hilo zamani lilikuwa la saruji. Sasa ndani yake palitengenezwa tamthilia ya televisheni iliyotazamwa kila nyumba yenye umeme. Bwana Msumari alijenga kuta za mbao zilizojifanya sebule, hospitali na jela. Alikuwa mtu wa haya. Alipenda kubana misumari midomoni kwa sababu mtu mwenye misumari hakuna anayemtaka ajibu kitu. Mama Pasi alikuwa mtunza mavazi, na stoo yake ilipakana na karakana ya fundi. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo fundi aliyajua maisha ya mama huyo kwa kuyasikia zaidi kuliko kwa kuyaona.

Alimsikia akiongea na nguo. "Wewe mkono umekufyatuka wapi?" Au, "Tulia, nikutie kifungo." Alisikia pia, kidogo kidogo, jinsi alivyoanza kwa kushona sare za shule kwenye baraza ya mtu, jinsi mumewe alivyofariki wakiwa bado vijana, na jinsi miaka ikapita bila mtoto. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, jiko na redio. Alizokaa nazo mchana kutwa ni hizo nguo mia nne na kitu. Zote alizijua moja moja, kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake.

Kazi yake ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Nguo iliyokatishwa katikati ya onyesho haifuliwi wala haipigwi pasi. Kama mwigizaji ametokwa jasho kwapani leo, na kesho picha zinaendelea kutoka hapohapo, basi jasho hilo libaki palepale. Watazamaji wangeona mtu anaingia mlangoni mchafu, anatokea upande wa pili amenyooka kama anakwenda kuposa.

Mgomo ulianza saa sita mchana. Mwigizaji mkuu, dada aliyecheza mjane, alikuwa ndiyo kwanza ameanguka kwenye matope akiwa na blauzi nyeupe. Mpiga picha alisema, "Tena, kwa karibu." Yule dada akainuka, akatikisa kichwa, akasema kwamba chama chao kimeamua. Hakuna kuigiza tena mpaka waigizaji na waandishi wapewe mikataba ya maandishi na siku ya kupumzika. Akavua blauzi, akamkabidhi Mama Pasi, akamkumbatia, akaondoka na wenzake.

"Wana haki," Mama Pasi alimwambia fundi. "Nimemvisha yule mtoto siku kumi na tisa mfululizo, na homa juu." Akaitia blauzi kwenye mfuko pamoja na picha inayoonyesha kila doa lake, akaandika kikaratasi: ISIGUSWE.

Mama Pasi na fundi hawakuwa wanachama, lakini hawakuachwa salama. Mtu wa taa alianza kutengeneza feni za majirani. Mpambaji wa nyuso alirudi kusuka nywele. Dereva wa gari la vifaa aliuza viatu vya mtumba, na kila mteja alimwuliza kama ni kweli mume wa yule mjane atafufuka kwenye sehemu ijayo. Fundi mwenyewe alitengeneza stuli, akizipanga nje ya ghala, akiinamisha kichwa kila mnunuzi alipokaribia. Mama Pasi aliendelea kuja, siku mbili kwa wiki, bila kuagizwa na mtu, kuzianika nguo zipate hewa, zisije zikaota ukungu.

Mwezi wa tatu wa mgomo mvua zikashika kwelikweli, na ukungu ukaingia hata kwenye mifuko. Mama Pasi akatoa kila kitu. Akajaza mabeseni, akatenganisha rangi, akafua siku tatu. Fundi alimsikia akiimba. Ulikuwa muda mrefu hajamsikia akiimba, na alifurahi kwa ajili yake. Ndipo ghafla wimbo ukakatika. Fundi akangoja. Pasi ilikuwa inanukia kitambaa kinachoanza kuungua. Akaenda kuchungulia.

Mama Pasi alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kola ya blauzi nyeupe, safi, imenyooka.

"Nimeifua," alisema. "Mikono ilikuwa na hamu ya kazi. Nimeifua, Msumari."

Wiki hiyohiyo mgomo ukaisha. Waigizaji walipata mikataba yao. Lakini kampuni ilitangaza kwamba miezi mitatu imewatia hasara, kwa hiyo nusu ya watu wa nyuma ya kamera hawatarudishwa, na wenye makosa wataanza kuondoka.

"Nikiikosa stoo hii," Mama Pasi alisema, "nitaamka asubuhi niende wapi?"

Fundi akatoa vumbi la mbao, gundi na udongo mwekundu wa kupaka kuta, watengeneze tope la bandia. Mchana kutwa walikaa kwenye benchi lake, bega kwa bega, picha imeegemezwa mbele yao. Yeye alichanganya, mama akapaka kwa kitambaa. "Hapa kidogo. Punguza. Mbona umeweka kama ramani?" Walicheka. Fundi alitamani tope lile lisikauke upesi.

Jumatatu taa zikawashwa. Yule dada akavaa blauzi, na papo hapo ikajulikana. Gundi iling'aa kama kioo.

"Nani amefua hii nguo?" mwongozaji aliuliza.

Bwana Msumari hakuwa na kitu mdomoni. Alisikia sauti ikisema, "Mimi," akashangaa ni yake.

"Wewe?" alisema mtu wa taa. "Kumbe unaongea!"

"Muongo huyo!" Mama Pasi alijipenyeza katikati ya watu. "Mtazameni alivyovaa. Huyu pasi anaijua inafananaje? Nimefua mimi, kwa mikono yangu hii, na gundi tumepaka ili nisifukuzwe. Sasa mmejua. Semeni."

Mwongozaji akafungua mdomo. Lakini yule dada alishika kiuno cha sketi yake, akaivuta mbele ngumi nzima. "Tazama nilivyokonda," alisema. "Hata ingebaki na tope lake, mtu angejua ni miezi mitatu. Nimwagieni matope, nianguke upya. Si nina mkataba unaosema naanguka?"

Watu wakacheka, mwongozaji naye akacheka, matope yakaletwa.

Jioni orodha ya wanaobaki ikasomwa. Mama Pasi alikuwemo. Bwana Msumari hakuwemo. Kampuni ilikuwa imeamua kupigia picha kwenye nyumba za kupanga, na kuta za mbao hazikuhitajika tena.

Mama alimsindikiza hadi getini akiwa amembebea msumeno, fundi akibeba sanduku la zana. Mama akasema atarudi ndani akawaambie wachukue stoo yao. Fundi akatikisa kichwa. "Ingia, mama," alisema. "Nguo zinakungoja." Ni maneno machache, lakini yalimtoa jasho.

Baadaye alipata kazi mji mwingine, kwa mtengeneza madawati. Miaka miwili ilipita kabla hajarudi, akakuta ghala limefungwa na tamthilia imekwisha, na kwenye kile chumba cha mama chenye redio wanaishi watu wengine. Alichobaki nacho ni jioni ile getini. Mama Pasi alimkabidhi msumeno, akamfuta vumbi begani kwa kiganja, akamtazama mpaka yeye akainamisha macho.

"Huko uendako, wakikuuliza unaweza kazi gani, usitazame viatu. Waambie. Wakibisha, waje waniulize mimi."