Moto wa Bi Joha

Bi Joha alikuwa na baridi yabisi iliyomkunja vidole mpaka njiti ya kiberiti ikawa haishikiki. Mumewe alikwisha kufariki, mtoto hakujaliwa, akaishi peke yake. Ndiyo maana moto wake hakuuacha uzimike. Jioni alisukuma gogo kwa mguu, akalifukia majivuni, na alfajiri akalifukua. Kule kwetu kwa zamani, bondeni Kilosa, sisi majirani tulikwenda kwake kila asubuhi na vigae kuomba moto, maana kiberiti tulikibania. Lakini kuondoka upesi hakukubali.

"Umekuja kuchukua moto?" alikuwa akikuuliza, kama aulizwavyo mgeni mwenye haraka, nawe kweli moto ndio ulioufuata. Basi unacheka, unaketi, unamtekea maji, unamwaga habari za watu wote.

Mwaka wa sabini na nne tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Mikumi. Mwenyekiti wetu, Melkizedek, mtu wa huruma isiyouliza, akampa Bi Joha kiwanja cha mwisho kabisa, mbali na wote, eti apate kupumzika. Nilikasirika. Mwanamke huyu amepumzika miaka yote. Anachotaka ni watu.

Yeye hakubishana. Alipanda lori amekumbatia chungu kilichomeguka mdomo, ndani mna majivu, na ndani ya majivu mna moto. Dereva akanung'unika.

"Endesha, baba," Bi Joha akamwambia. "Mzigo wangu ndio huu tu."

Tulipofika mvua ikatunyeshea. Viberiti vyetu vililowa vyote, na duka la kijiji lilikuwa bado halijafunguliwa. Asubuhi moshi ulionekana kwenye kibanda kimoja tu, kile cha mwisho. Tukaenda na vigae vyetu, mbele yetu mke wa mwenyekiti, tukamkuta Bi Joha mlangoni anacheka hadi machozi yanamtoka. Ikawa hivyo kila siku, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia shamba jipya.

Kisha duka likafunguliwa. Viberiti vikaja katoni nzima, kila nyumba ikapata chake. Jioni ile nilimkuta ameinamia moto wake.

"Natalia," akaniambia, "maumivu nimeyazoea. Kukaa bila mtu sijakuzoea, na sasa nani atatembea mpaka huku?"

Nilimsukumia gogo nikaenda kulala.

Asubuhi nikachukua kigae, kiberiti changu nimekifunga kwenye pindo la kanga. Njiani kilichakacha, nikakishika kwa mkono ili asikisikie.

"Shikamoo, Bi Joha."

"Marahaba."

Akatazama kigae, akatazama pindo nililolishika. Nyuma yangu, mke wa mwenyekiti alikuwa anakuja na kigae chake.

"Umekuja kuchukua moto?" akauliza.

"Hapana," nikasema, nikavuta kigoda, nikaketi.