Risasi Zilizogoma Wakati wa Kipupwe

Bunduki ya kijiji nilikabidhiwa mimi kwa sababu wanaume wawili waliokuwa wakiishika kwa zamu walikosana. Kila mmoja alidai mwenzake anaitumia kuwindia kitoweo cha nyumbani kwake. Mwenyekiti wa kijiji alichoka kuwasuluhisha, akasema bora ikae kwa mwanamke, maana mwanamke hana pa kwenda nayo. Mimi nilikuwa nimepitia mafunzo ya mgambo kabla sijaolewa, na kulenga nilijua. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini Mtwara, akija nyumbani mara chache. Hilo la mume kuwa mjini baadaye lilinitia matatani.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, karibu na pale Ruvuma unapomwaga maji baharini. Tulikusanywa kutoka vitongoji mbalimbali, tukapangwa kwenye mistari iliyonyooka, kila ukoo ukimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Ng'ambo ya mto walikuwa Wareno, na vita. Watu waliovuka kukimbia vita hiyo walipewa viwanja miongoni mwetu. Redio ilituambia tuwe macho, nasi tukawa macho hata kwa mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Jirani yangu wa ukutani alikuwa mmoja wa hao waliovuka. Mama wa Kimakonde, mjane, mwenye chale usoni na Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya Kireno. Yeye aliniita mwanangu, nami nilimwita mama. Alikuwa fundi wa kukamua mafuta ya nazi. Mafuta ya bunduki tuliyoletewa yalipokwisha, na dalili ya kuletewa mengine haikuonekana, nilimwomba kichupa cha yale yake. Akanipa na kusema, "Chuma chochote kinapenda mafuta, mwanangu."

Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza nyani kwenye shamba la muhogo la kijiji. Bunduki yenyewe haikuwa ya vita. Ilikuwa ile ndogo, ya risasi nyembamba kama penseli. Kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba risasi za namna hiyo dawa yake ya kuwashia imo kwenye ukingo wa kitako chake, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo, haigongi katikati. Tulizoletewa zilikuwa rahisi kabisa, kwenye boksi la karatasi lisilo na mchoro, na maganda yake hayakung'aa.

Asubuhi ya kwanza kugoma, jua lilikuwa halijatoka. Nyani walikuwa wameketi kwenye matuta kama wageni wa karamu, wanang'oa na kutafuna. Nikamlenga dume kubwa, nikavuta triga. Tk. Hakuna zaidi. Nikaelekeza mtutu ardhini na kusubiri kama tulivyofundishwa, kwa kuwa risasi inaweza kuchelewa ikalipuka baadaye. Haikulipuka. Nikaitoa, nikaweka nyingine. Tk. Dume lile lilinitazama, likaendelea kula. Ya tatu ndiyo iliyolia, na wote wakatimua mbio.

Baada ya hapo ikawa kila asubuhi ni hivyo hivyo. Wenye mashamba ya jirani walisikia mlio mmoja, wakaona risasi kadhaa zimetumika, na maneno yakaanza. Mwanamke huyu anapeleka wapi risasi? Mumewe si yuko mjini? Mjini zinanunuliwa.

Mwenyekiti aliniita ofisini saa za mchana, jua kali. Walikuwepo wajumbe wote.

"Ndugu, tupe hiyo bunduki," alisema. Alimpa mgambo mmoja, wakatoka nje, wakasimamisha gogo. Mgambo akaweka risasi kutoka boksi lile lile. Paa. Nyingine. Paa. Nyingine tena, paa. Hakuna hata moja iliyogoma.

Mwenyekiti alinigeukia taratibu. "Bunduki nzima. Risasi nzima. Sasa kinachogoma ni nini?"

"Ndugu Mwenyekiti, zilizogoma ninazo. Nimezihifadhi kwenye kopo nyumbani."

"Risasi iliyogoma na isiyopigwa zinatofautiana nini kwa macho?"

"Zina alama ya pini kwenye ukingo."

"Alama hata kwa msumari inapigwa," akasema mjumbe mmoja, na wengine wakaitikia kwa kuguna.

Kisha mwingine akauliza bunduki inapakwa mafuta gani. Nikajibu kweli: ya nazi, nilipewa na jirani yangu. Laiti ningenyamaza. Kibanda kizima kilibadilika. Yule wa ng'ambo! Mafuta ya mtu aliyevuka mto! Nani anajua ametumwa na nani, nani anajua humo ndani ametia nini? Mmoja alisema ni dawa ya Kimakonde, inayolala mchana na kuamka alfajiri. Mwingine alisema dawa haihusiki, huyo ni jasusi tu. Wakanirudishia bunduki, wakakubaliana kwamba ikigoma tena itarudishwa Mtwara, na yule mama atapelekwa polisi akajieleze.

Nilirudi nyumbani kichwa kizito. Nikakuta mama yule anakuna nazi, akaniuliza habari za ofisini. Nikasema nzuri. Lakini tangu saa ile nilianza kumchungulia. Nilikinusa kile kichupa, nikatia tone dogo ulimini. Nilihesabu wageni wake. Alipochukua tenga na kushuka kwenye mikoko nilijikuta nimesimama nyuma ya ua, namtazama hadi anapotea. Alirudi na kaa, kama kila mtu aliyeshuka mikokoni. Hata hao kaa niliwatilia shaka.

Mwishowe nikaona bora nizihoji risasi zenyewe. Nilizimwaga zote mkekani, nikazigeuza moja moja kwenye mwanga wa mlango. Hazikuwa sawa. Chache zilikuwa na kovu la kina, pini ilizama kabisa kwenye ukingo. Nyingi zilikuwa na alama hafifu, kama ukucha uliogusa unga uliokandwa.

Nikaenda shambani mchana ule ule. Zile za kovu la kina nilizigeuza ili pini igonge upande mwingine wa ukingo. Baadhi zikalia, baadhi zikabaki kimya. Hizo zilikuwa mbovu kweli, dawa haikuenea sawasawa, na hakuna mchawi wala jasusi anayehitajika hapo. Zile za alama hafifu nilizirudisha vilevile. Zikalia zote. Kumbe hazikuwa na kosa. Asubuhi bunduki ilikuwa inazigonga kwa ulegevu, mchana inazigonga kwa nguvu.

Kesho yake alfajiri, baridi ya kipupwe ikiwa bado inang'ata vidole, nilifungua komeo la bunduki hapo hapo barazani. Ndani, kuzunguka pini na springi yake, palikuwa na utando mweupe mzito, kama mafuta juu ya mchuzi uliolala. Nikakitazama kichupa. Kilikuwa kimeganda chote.

Mafuta ya nazi! Tunayaanika juani kila kipupwe ndipo tupate kupaka nywele, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba yanaganda ndani ya bunduki pia. Nilitaka kucheka. Lakini nikijitokeza kusema tatizo ni mafuta, watasikia hilo neno moja tu, na yule mama atakuwa amekwisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mke wa mwenyekiti, nikamwomba mafuta kidogo. Ilibidi akisogeze kichupa jikoni kwenye moto ndipo yamiminike. Kisha nikamwomba mwenyekiti na wajumbe waje shambani asubuhi inayofuata, kabla ya jua.

Walikuja wamejifunika mashuka, wamenuna. Bunduki nilikuwa nimeiosha kwa mafuta ya taa na kuikausha kwa kitambaa. Nikapiga mbele yao. Paa. Nikapiga tena, ikalia. Halafu nikapaka komeo mafuta niliyokuja nayo, nikailaza bunduki kwenye majani yenye umande, tukakaa. Tulingoja ipoe. Nilipoinyanyua na kuvuta triga, ilisema tk.

"Mnaona?" akadakia yule mjumbe aliyeuliza habari za mafuta. "Mafuta ya yule mama!"

"Haya si yake," nikasema. "Haya ni ya nyumbani kwa Mwenyekiti."

Mwenyekiti alinikazia macho. "Nani kakupa?"

"Mama watoto wako, jana asubuhi."

Akachukua kichupa, akakiinamisha. Mafuta hayakusogea. Mgambo aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Alifunga shuka lake vizuri na kuondoka kuelekea kwake, na baadaye nilisikia alimhoji mkewe kwa kirefu kwa nini alitoa mafuta bila kumwambia.

Suala la polisi halikutajwa tena. Risasi mbovu tulizilalamikia Mtwara, wakajibu kwamba vijiji vingine havijalalamika, na wakauliza sisi tunazihifadhi wapi. Kwa hiyo shaka iliendelea, ila ilihamia kwingine. Hadi mavuno, kila nilipopiga, mjumbe mmoja alikuja kukusanya maganda.

Siku tulipokuwa tunamenya muhogo pamoja, mimi na jirani yangu, aliniambia habari zote za ofisini alizipata.

"Na wewe ulinifikiria hivyo, mwanangu?"

Nikashindwa kudanganya. "Ndiyo, mama. Kwa siku chache."

Aliendelea kumenya. "Mimi nilikufikiria tangu ulipopewa bunduki. Nilisema, huyu wamemweka ukutani kwangu anilinde. Nikivuka kwenda kuwaona ndugu zangu, anipige." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndiyo maana nilikupa mafuta. Nilitaka unione mtu mwema."

Nikamsogezea rundo langu la muhogo, na tukamenya hadi likaisha.