Majina Mia na Kumi na Mawili kwa Kalamu Moja

Mke wangu alipofariki, sheria za korona ziliruhusu watu kumi tu mazikoni. Kwetu Kongo watu kumi hawatoshi hata kuosha sufuria za matanga. Nilikaa jikoni kwangu, Seven Hills, hapa Sydney, Australia, nikaandika orodha, nikafuta, nikaandika tena. Tangu siku ile shangazi zake wawili wa Penrith, ambao hawakuingia kwenye orodha, nikiwapigia simu, inalia mpaka inachoka.

Kwa hiyo mama rais, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, aliposema tupeleke ombi kwenye Bunge la jimbo ili wafiwa waruhusiwe kuzika na watu wao, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Sikutaka mtu mwingine aandike orodha kama ile. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini Kiingereza cha bohari ninakofanya kazi kinatosha kuomba. Niliandika maneno ya ombi, na mama rais akachukua kazi ya kukusanya saini.

Siku mbili baadaye nikakuta bahasha kwenye sanduku la barua. Majina mia na kumi na mawili! Nilifurahi mpaka nilipovaa miwani. Herufi zote zililala upande mmoja, na kila saini, ya mzee na ya kijana, ilikuwa na mkia uleule.

Nikampigia simu.

"Mama, hawa watu wamesaini lini?"

"Wote nimewapigia simu. Wote wamekubali."

"Lakini mkono ni wako."

"Shemeji, kule kambi ya wakimbizi baba mmoja alisaini kwa watu tisa na unga ukatoka. Wewe ulisainia wangapi?"

Nilisainia sita. Sikuweza kukana.

"Haya basi! Na tumefungiwa ndani. Unataka nizunguke Sydney na karatasi mkononi, polisi nyuma yangu?"

Njia ya mtandaoni ilikuwepo, lakini mama rais haamini jambo lisilo na wino.

Jirani yangu ni bibi wa Kizungu ambaye miaka yake yote ya kazi alitunza nyaraka za zamani za serikali. Tulizungumza juu ya uzio, kila mtu na barakoa yake. Alizishika karatasi kwa glavu za kuoshea vyombo, akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni.

"Hamkuanza nyinyi," akasema. "Watu walifanya hivi tangu enzi za ukoloni."

Akanieleza. Nchi hii ilipokuwa bado koloni la Waingereza, wananchi walililia Bunge kwa kila kitu: barabara, ardhi, vilabu vya pombe. Lakini mtu hakuweza kuingia na karatasi yake mwenyewe. Ilibebwa na mbunge, naye ilibidi kwanza aisome, ahakikishe haina matusi, kisha aweke jina lake juu. Kila mwombaji alisaini kwa mkono wake. Asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba, na shahidi akaandika pembeni. Mkono mmoja ukionekana umeandikia kijiji kizima, majina yale yalihesabiwa si kitu, na pengine ombi lote lilikataliwa.

"Na likiwa safi?"

"Linapokelewa, linawekwa mezani."

"Halafu?"

"Halafu linakaa mezani."

"Kwa muda gani?"

"Mengine nimeyakuta mimi kazini."

Nikamuuliza kama siku hizi mambo ni tofauti. "Sasa wanajibu," akasema. "Saini ndiyo ileile, ya mkono wako."

Nilirudi jikoni na kuanza kusoma majina moja moja. La arobaini na saba lilikuwa la mke wangu.

Nitasema kweli: nilikaa na kalamu muda mrefu. Nani angejua huko Bungeni? Na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kulalamikia mazishi yale, ni yeye. Nikapiga simu tena.

"Mama, umemsainia mke wangu."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa upesi upesi.

"Ee Mungu wangu. Nilinakili daftari la kanisa. Hatujamtoa."

"Ulisema wote umewapigia simu."

"Shemeji..."

"Alikubali?"

Akaangua kicheko, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikasikia analia. "Mfute wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nilimfuta kwa rula, mstari mmoja, maana hakupenda uchafu. Halafu, nikiwa bado na rula mkononi, nikawafuta na wale wengine mia na kumi na mmoja.

Tulianza upya. Nilituma kwa posta karatasi zenye maneno ya ombi juu, kila nyumba yake. Zilirudi polepole, na mama rais alinipigia kila siku kuniambia nimeua ombi. Bibi mmoja wa Parramatta aliweka alama ya msalaba, na binti yake akashuhudia. Kutoka Penrith ilikuja karatasi yenye majina mawili ya shangazi za mke wangu, bila salamu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Niliigusa ile karatasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumla yalikuwa majina thelathini na moja. Mbunge wetu alilichukua ombi, likapokelewa, likawekwa mezani. Jibu lilipokuja, la heshima sana, masharti ya mazishi yalikuwa yameshalegezwa.

Makanisa yalipofunguliwa, mama rais alisimama mbele na kutangaza kwamba tumeshinda serikali. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Akaniita nitoe ushuhuda. Shangazi wawili walikuwa wamekaa mstari wa pili, wananitazama.

Nikasema, "Tulikuwa thelathini na mmoja. Barua ilifika baada ya sheria kubadilishwa. Ila wote thelathini na mmoja walisaini wenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi mkubwa akamwambia mdogo wake, kwa sauti iliyofika madhabahuni:

"Na mtoto wetu aliishi na mtu huyu asiyejua kutia chumvi miaka ishirini!"

Kanisa zima likacheka. Ibada ilipokwisha, wote wawili walikuwa mlangoni, wananisubiri niwapeleke kwenye kaburi la mke wangu.