Shikamoo kwa Mtoto Mchanga

Juzi ndugu yangu alinipakatisha bintiye mchanga, aliyempa jina la marehemu mama yetu. "Haya, mama kazaliwa upya," akasema, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Likoni.

Mimi nina jina la bibi mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa, na baba hakuniita ila "mama". Siku hiyo nilikuwa mkekani nikichambua mchele, honi ya feri ikilia kwa mbali, alipoingia mzee anayenukia tumbaku na mafuta ya nazi. Alikuwa mdogo wake bibi. Alichutama mbele yangu.

"Shikamoo, dada."

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami.

"Dada, nilikununia hata mazikoni kwako sikuja. Niwie radhi."

Nilitazama kucha zangu kama zina mchanga wa kaburini. Ikiwa nilizikwa, nilitokaje? Na mbona huo ugomvi siukumbuki?

"Mjibu mdogo wako, mama," baba alisema kwa upole.

"Marahaba," nikasema. "Nishakuwia radhi."

Mzee akalia, akajipangusa machozi kwa ncha ya kikoi chake. Kwa siku nyingi nilihangaika kukumbuka alichonikosea.

Sasa najua kwamba kinachorudi ni jina tu. Lakini juzi, mtoto alipofumbua macho pajani pangu, ulimi ulinitangulia.

"Shikamoo, mama."

Kisha nikangoja aitikie.