Zamu za Kumpasha Nafula Joto

Harufu ya blanketi lililoloa mvua hunirudisha nyumbani kwetu Bukhayo, Julai ile ya baridi, tulipokuwa watoto wanane katika vyumba viwili na wa tisa alikuwa hajaamua kama anakaa au anaenda.

Huyo wa tisa ni Nafula. Alizaliwa mvua ikinyesha, kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi kwamba kofia yake tuliikata kutoka kwa soksi ya baba. Muuguzi alikuwa ametufundisha: asilazwe peke yake, akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, afungwe leso juu, maana baridi ingemmaliza. Mama alikuwa na homa, kwa hivyo ikawa zamu: mama, baba, na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, aliyetoka Port Victoria kuja kusaidia.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakai chini ya paa moja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kukhu alilala jikoni, kibanda cha nje, baba nyumba kubwa, na katikati ulikuwa ua wenye tope la kuteleza. Wa kumvusha mtoto nilikuwa mimi. Nilimbeba chini ya mwavuli, kukhu akinipigia kelele mlangoni.

"Wee, angalia chini! Maji ikimwagika haizoleki!"

Niliamini kabisa kwamba baba na kukhu wanachukiana. Mimi nilikuwa upande wa kukhu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta omena, vile vidagaa vya ziwani.

Alasiri moja mvua ya mawe ilitufungia ndani. Mama alikuwa amelala chumbani, ndugu zangu wanang'ang'ania blanketi moja, baba amekaa kifua wazi na Nafula ndani ya leso. Ghafla baba akasema, "Nyamazeni." Akafungua leso. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hakuwa akipumua.

Baba alikuwa mwashi, mtu wa kubeba mfuko wa simiti begani bila kuguna, lakini alimtazama tu. Nilitaka kumchukua nikimbie naye kwa kukhu, lakini mawe yalikuwa bado yanaanguka uani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Baba akapaaza sauti kushinda kelele za mabati. "Mama! Mama, kuja!"

Sikuwahi kumsikia akimwita kukhu. Kukhu aliingia mbio, bila viatu, bila kitambaa cha kichwa, akamnyakua Nafula kutoka kifuani mwa mkwewe. Akampiga nyayo kwa kidole, akamsugua mgongo, akimgombeza kwa lugha ya kwao kama mtoto aliyechelewa shule. Alisugua, akasugua, hadi Nafula akakunja uso na kulia, kilio chembamba mno, nasi sote tukalia naye.

Kukhu akafungua blauzi, akamweka kifuani, ndipo akaona alipo. Akanigeukia.

"Ambia baba yako aangalie ukuta."

"Mwambie nimeshaangalia," baba akajibu kutoka kwenye pembe.

Wakakaa hivyo mpaka mvua ikaisha, baba akisoma kalenda kuukuu, kukhu akihesabu pumzi za mtoto. Nafula alipopata nguvu, kukhu alirudi kwao, na baba akapeleka kondoo na blanketi huko. Nilidhani amepigwa faini kwa kuzembea, nikamwonea huruma.

Juzi nilijifungua. Mama alikuja kuniona, akakataa kuvuka mlango wetu. Alisimama nje, ukingoni mwa paa, mvua ikimlowesha mabega, akingoja mume wangu atoke kwa mlango wa nyuma. Nilikasirika, nikamwambia aache mambo ya kale.

"Hii ndiyo heshima niko nayo ya kumpa," akasema. "Nikiimaliza leo, kesho nitampa nini?"

Nikamkumbuka yule kondoo wa baba: haikuwa faini, ilikuwa heshima ikirudishwa mahali pake. Kumbe miaka yote ile baba na kukhu walikuwa wanatunziana heshima, na alasiri ile kila mmoja aliitupa chini bila kumuuliza mwenzake, ili dada yangu avute pumzi.