Siku Conjesta Aliporudisha Gari Nyuma

Conjesta alikuwa mwoga wa barabara tangu utotoni, wala hakulificha jambo hilo. Kwao Muleba aliwahi kuona lori la kahawa likishindwa kilima, likarudi kinyumenyume na kupinduka na watu waliokuwa wamekaa juu ya magunia. Tangu hapo kila gari lililopanda mlima lilimtoa jasho viganjani. Muscat, alikofika mwaka 1998 kumtunza Bi Khole, wenye nyumba walimjua hivyo wakamfanyia utani. Wakienda Qantab siku ya Ijumaa, gari likianza kuteremka zile kona za kuelekea baharini, Conjesta alifumba macho na kuishika rozari yake ndani ya mfuko wa gauni.

"Anayeendesha mwanangu Sinan, si sheitani," Bi Khole alikuwa akimwambia.

Bi Khole alikuwa mjane, mzaliwa wa Unguja, mwalimu mstaafu. Aliishi mtaa wa Wattaya na watoto wake wawili. Ibtihal alifanya kazi benki, na mumewe alikuwa akiishi humo humo. Sinan, mhandisi, hakuwa ameoa, na likizo zake zote zilikwisha juu ya pikipiki. Conjesta alipika, alimpima bibi presha, alimpa dawa, na alilala naye chumba kimoja. Walizozana kama watu waliozoeana. Bi Khole alishikilia kwamba ndizi za kupika ni chakula cha wagonjwa, na Conjesta alishikilia kwamba wali wa nazi hauwezi kuliwa kila siku ya Mungu.

Julai mwaka 2004 simu ililia wakati wa chakula cha mchana. Sinan alikuwa ameondoka na wenzake kwenda kuendesha pikipiki kaskazini ya India, wavuke milima mpaka Ladakh, wakatazame nyumba za kale za watawa wa Kibudha. Sasa alikuwa hospitali ya mji wa huko uitwao Leh. Alikuwa ameanguka, amevunjika paja na mbavu. Ameshapasuliwa, lakini hawezi kusafirishwa mpaka daktari aseme.

Ibtihal alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, na mumewe alikuwa kazini jangwani. Bi Khole alinawa mikono akasema, "Ntakwenda miye."

"Mama, huwezi hata kupanda ngazi."

"Mwanangu kalala nchi ya watu hana wa kumpa maji. Nikae hapa nitizame televisheni? Conjesta atakwenda na mimi."

Conjesta hakuulizwa. Alisimama mlangoni na sahani mikononi. Alimkumbuka mwanamke aliyesimuliwa habari zake na Violeth, rafiki yake wa kanisani Ruwi: bibi aliyekuwa akimtunza alimfia mikononi wakiwa safarini, naye akaulizwa maswali na watu wa serikali mpaka akakonda. Alimpa nini? Kwa nini hakuita daktari? Tangu asikie hadithi hiyo, Conjesta alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama Bi Khole anapumua.

Walifika Delhi vizuri. Ndege za kwenda Leh ndizo zilizowakwamisha. Mawingu yalikuwa yameziba milima, na kila asubuhi walikwenda uwanjani wakarudishwa. Ikafika siku ndege ikaruka nao, ikazunguka juu ya mawingu, ikarudi Delhi bila kutua. Bi Khole aliposhuka alikuwa ameshaamua. Kama hewani hapapitiki, watapita ardhini.

Wakaenda kwa gari hadi Manali, chini ya milima, na huko wakamkodi Norbu, mtu mzima mpole, mwenyeji wa Leh, mwenye gari aina ya jeep, la rangi ya maziwa. Walielewana kwa Kihindi cha madukani, kile ambacho mtu yeyote aliyenunua nguo Ruwi hukijua. Norbu alimtazama Bi Khole miguuni, akamtazama usoni.

"Bibi, njia hii inataka kwenda polepole. Hewa huko juu ni nyembamba."

"Twende," akasema Bi Khole.

Mlima wa kwanza ulimfanya Conjesta asahau sala zake katikati. Barabara ilikuwa tope tupu, upana wa gari moja na kidogo, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili hakuna kitu. Malori yalipowajia kwa mbele, Norbu alisogea ukingoni mpaka Conjesta akawa anaona chini ya dirisha lake mabati ya gari fulani la zamani, madogo kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Alijaribu kufumba macho. Akiyafumba, gari lilizidi kuyumba. Akayafumbua, akamwekea macho Bi Khole, maana huyo angalau alikuwa hatazami chini.

Upande wa pili nchi iligeuka kavu, milima ya rangi ya majivu isiyo na mti. Norbu alisimama kwenye nyumba ya watawa iliyong'ang'ania jabali, apate kuomba. Bi Khole akataka aone hicho kilichomleta mwanawe huku. Conjesta akamshika mkono, wakaingia. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya siagi inayoungua katika taa ndogo ndogo. Macho yalipozoea, Conjesta aliona ukutani viumbe vyenye meno nje, macho ya kutumbua, na taji za mafuvu ya watu.

"Bibi, tutoke," akanong'ona. "Hapa si pazuri."

Mtawa mzee alimwambia Norbu neno, na Norbu akalifasiri: hao ni walinzi, sura hiyo ni ya kuwatisha maadui, si wageni. Conjesta hakupata faraja yoyote. Bi Khole akasema, "Kila watu na yao," kisha akakaa kizingitini ghafla kama mtu aliyesukumwa. Alikuwa anahema. Conjesta aliihisabu mihemo ile kimoyomoyo, na hofu ya mapepo ikapisha hofu nyingine.

Walilala Keylong, mji mdogo wa njiani. Asubuhi Norbu aliomba wakae hapo siku moja zaidi, bibi aizoee hewa. Bi Khole alikuwa na maumivu ya kichwa, lakini alisema ni usingizi wa kitanda kigeni. Wakaanza kupanda tena.

Kabla ya adhuhuri bibi alitapika. Akatapika tena. Baadaye akanyamaza, yeye ambaye hakunyamaza hata akiwa na homa. Conjesta alimpa maji, yakamtoka pembeni ya mdomo. Kifuani mwake palikuwa na mlio kama wa birika linalokaribia kuchemka, na midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau.

"Mahfoudha," akasema Bi Khole, akimwangalia Conjesta. "Umefunga mlango wa uani?"

Mahfoudha alikuwa dada yake Bi Khole, aliyefariki zamani.

Conjesta akampiga Norbu begani asimamishe gari. Walikuwa katikati ya mpando, theluji chafu ukutani, na kilele bado kiko juu yao.

"Mbele kuna nini?"

"Kilele. Halafu mahema. Halafu vilele vingine virefu kuliko hiki. Daktari yuko mbali."

"Na nyuma?"

"Keylong. Hospitali ipo."

Bi Khole akarudiwa na fahamu wakati huo huo, akamshika Conjesta kifundo cha mkono. "Mbele. Ukinirudisha, skiza, ntakutia kwenye ndege urudi kwenu. Mwanangu ananingoja."

Conjesta alijua bibi hasemi neno la bure. Akienda mbele, bibi huenda akafa, na yeye atakuwa peke yake na maiti katika nchi asiyoijua. Akirudi, bibi huenda akafa pia, na itasemwa kwamba alimkatalia amri yake ya mwisho. Pande zote mbili aliona maswali yale yale yanamngoja. Alitaka mtu mwingine aamue. Akamtazama Norbu, na Norbu alikuwa akimtazama yeye.

"Geuza," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. Akarudia, "Geuza gari."

Lakini mahali pa kugeuzia hapakuwapo. Ilibidi gari lirudi kinyumenyume hadi kwenye kona iliyopanuka, na kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa tope. Norbu akasema lazima mtu ashuke asimame nyuma amwonyeshe ukingo. Conjesta akashuka. Upepo ulimvuta kanga kichwani, nayo ikaruka bondeni, na hakuifuata kwa macho. Akasimama mgongo ukigusa mwamba, macho kwenye gurudumu la nyuma lile la upande wa shimo, akalia wakati wote akipunga mkono: njoo, njoo, simama, kulia, njoo. Mara moja mawe yalimeguka chini ya gurudumu, na gari likainama kidogo. Alipiga kelele kwa Kihaya, lugha ya kwao. Norbu hakukijua Kihaya, lakini akakanyaga breki. Ndani ya gari Bi Khole alikuwa amelaza kichwa kwenye dirisha kama mtoto aliyesinzia. Mwishowe Conjesta aliporudi ndani hakuweza kufunga mlango, vidole vilikataa, Norbu akamfungia.

Njia nzima ya kushuka alimshika bibi kifuani kwa kiganja, asiuachie ule mpando na mshuko wa pumzi.

Hospitali ya Keylong walimwekea oksijeni. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamejaa maji, na kwamba huko juu asingefika jioni. Conjesta akauliza kama atapona. Daktari alisema wangoje. Kungoja huko ndiko kulikomwumiza kuliko barabara. Alikaa kwenye benchi, akiinuka kila nesi alipopita.

Alipopata nguvu alikwenda kibanda cha simu kumpigia Ibtihal. Alieleza kila kitu bila kupumzika, halafu akangoja atukanwe.

"Wewe ndiye uliyemrudisha?" Ibtihal akauliza.

"Ndiyo, dada. Alinikataza."

Ibtihal akaangua kilio. "Usimwachie apande tena. Hata akikulaani."

Bi Khole alipotolewa hospitali, nyumba za wageni zote zilikuwa zimejaa wasafiri, kwa sababu mlima ulikuwa umeporomoka na kufunga barabara. Wakapokewa na watawa wa kike kwenye nyumba yao nje ya mji. Mtawa mmoja mnene aliwaletea chai yenye chumvi na siagi, ambayo wote wawili waliinywa kwa adabu tu. Bi Khole aliswali akiwa amekaa. Conjesta alisali rozari ameupa mgongo ukuta uliochorwa. Bibi hakumsemesha. Siku zilipita akimwomba kitu kwa kidole tu, na Conjesta alianza kupanga kichwani atawaambia nini wazazi wake Muleba.

Njia ilipofunguliwa walianza safari ya kurudi Delhi, na ilibidi wauvuke tena ule mlima wa kwanza, maana Manali hakufikiki kwa njia nyingine. Daktari aliwapa mtungi wa oksijeni. Conjesta alishika kifuniko chake cha kuvutia hewa usoni pa bibi kuanzia chini mpaka chini ya upande wa pili, akiangalia midomo, midomo tu. Karibu na kilele Bi Khole alikisogeza kando.

"Unatetemeka," akasema.

"Naogopa, Bibi."

"Na miye naogopa." Akakirudisha kifuniko mwenyewe.

Wingu lilipofunguka juu ya Leh, Sinan aliletwa Delhi kwa ndege, amelazwa machela. Mama yake alimngojea kwenye kiti cha magurudumu. Alimbusu paji la uso, halafu akamkaripia mpaka watu wakageuka. Ladakh yenyewe Bi Khole hakuiona.

Nyumbani Wattaya wageni walikuja kupongeza uzazi wa Ibtihal na kutoa pole kwa Sinan, na Bi Khole aliwasimulia milima, watawa na chai ya chumvi. Kurudi nyuma hakukutaja, wala tiketi ya kumrudisha mtu Muleba. Conjesta alipita na sinia ya halua, akasikiliza, hakusahihisha neno. Usiku aliendelea kuota lile gurudumu, na iliendelea hivyo miaka.

Kiangazi kilichofuata Sinan, akichechemea, alitaka kumpeleka mama yake Salalah, kusini, ambako hunyesha majira hayo, kwa gari akaone mvua. Bi Khole alikuwa akipepeta mchele.

"Kamuulize Conjesta kama nnaweza," akasema, bila kuinua kichwa.

Sinan akaenda jikoni akauliza. Conjesta aliifunika sufuria, akafikiri.

"Kuna mlima njiani?"

"Mmoja tu, mwishoni. Tena wa kushuka."

Conjesta akasema waende kwa ndege. Wakaenda kwa ndege.