Jina la Tangi la Tatu

Tuire Hakkarainen alipima tope kwa miaka kumi na tisa katika mtambo wa maji taka karibu na mji wa Pori, Ufini, na harufu ya pale ilikuwa imekwisha kumzoea kama ndugu.

Programu ndogo ya vipimo aliiandika Pentti, fundi wa mtambo. Kila ilipokwama Tuire alimwita, naye alikuja akicheka: "Mama, mambo ya kompyuta niachie mimi." Tuire akachoka kuachia. Akajiandikisha darasa la kuandika programu la Jumamosi asubuhi, la wanaoanza.

Mwalimu wao, binti aitwaye Saimi, alianza na kigeu. "Ni kikasha tu. Unakipa jina, unatia namba ndani. Amri kama 'chapisha' hutungi wewe, zimekuja na lugha ya programu. Ukiiambia ichapishe kikasha, itakutolea kilichomo. Jina halitokei."

"Jina lolote?"

"Lolote, mama. Mashine haijali."

Jumatatu Pentti alikuwa likizo, na mkuu alitaka tangi la nne liongezwe. Tuire akaifungua programu, akatafuta vikasha vya matangi. La kwanza, alilopima mwenzake Jorma, liliitwa mlevi. La pili lilikuwa la Anneli, aliyeugua saratani kwa miaka mingi, nywele zikamtoka kwa dawa, akafa mwaka uliopita: kipara. La tatu lilikuwa lake mwenyewe: nguruwe. Chini yake, chapisha nguruwe. Kwa miaka sita alikuwa akiipokea namba ile kila asubuhi na kusema asante.

Akautoa ukurasa ule kwenye karatasi. Akampelekea Jorma.

Pentti aliporudi, alimkuta Tuire mezani pa kahawa na Jorma, karatasi ile ikiwa katikati.

"Aa, utani wa mafundi huo," Pentti alisema. "Kompyuta yenyewe inataka majina mafupi."

"Usiisingizie kompyuta," Tuire alisema. " 'Chapisha' ni yake. 'Kipara' ni yako. Uliandika Anneli akiwa hai?"

Pentti alitazama kikombe. "Akiwa hai."

"Mwanaharamu we," Jorma alisema, akamwaga kahawa yake kwenye sinki.

Pentti alinyoosha mkono kuomba radhi. Tuire aliutazama kama anavyotazama vitu vinavyonasa kwenye chujio, akauacha hewani.

Mchana ule alibadili majina yote. Namba zilitoka zilezile. Mkuu alipoiona ile karatasi, akamkabidhi programu moja kwa moja, na meza ya Pentti pia. Kibodi ya Pentti aliifuta kwa spiriti mara mbili, kisha akaomba nyingine.